Kuni za msindano au za mwembe: zipi zifae jiko lako

Jirani yangu hapa Makorora, mjini Tanga, aliniita uani kwake siku moja, mkononi ana banzi, lile ganda la nje la gogo linalobaki mbao zikishapasuliwa.

"Shoga, hebu nusa hili."

Nikanusa. Utomvu mtupu, harufu ile ile ya tapentaini ya mafundi rangi. Alikuwa kauziwa mzigo mzima wa mabanzi ya msindano kwa bei ya chini kuliko kuni za mwembe anazonunua siku zote. Sasa ilikuwa saa tano, sufuria nyeusi mpaka kwenye ukingo, na maharage aliyoyabandika saa mbili bado yanagonga meno. "Nimeibiwa, au sijui kuzikoka?"

Nikamwambia yote mawili, kidogo kidogo. Jibu refu ndilo hili, maana si yeye peke yake anayeuliza.

Kuni zenyewe ni zipi

Upande mmoja kuna msindano, ambao wauza mbao huuita paini, na ndugu yake sipresi. Katika mkoa wetu hiyo ni miti ya milimani. Shamba la miti la Serikali la Shume, wilayani Lushoto, ni la miti ya namna hiyo, na mbao za paini ndizo zinazoshika mapaa mengi ya mjini. Panapopasuliwa mbao hapakosi mabanzi, na mabanzi hutafuta mnunuzi.

Upande wa pili kuna miti ya huku kwetu chini: mwembe uliozeeka, mkorosho uliong'olewa shambani, mwarobaini uliopunguzwa matawi, mvinje ulioangushwa na upepo. Muheza utakuta na mabanzi ya mtiki kwa sababu ya shamba la Longuza. Ukiyapata hayo, yahesabu upande huu wa pili.

Wataalamu wa misitu huita kundi la kwanza miti laini na la pili miti migumu. Majina hayo yamepotosha watu wengi. Mgawanyo wao hautazami ugumu, unatazama ukoo: mti wenye majani ya sindano au magamba na unaozaa koni, kile kifuko kigumu cha magamba chenye mbegu, unaitwa laini, mti wenye majani mapana na maua unaitwa mgumu. Ndiyo maana msufi, ambao ukucha unazama kwenye mbao zake, vitabuni ni mti mgumu.

Na mvinje ndio unaochanganya watu kabisa. Ukipita Raskazone au ufukwe wa Pangani utasikia mtu anauita msonobari, kwa kuwa una kitu kama sindano na unaangusha vitu kama koni ndogo vinavyochoma nyayo. Chuma moja ya hizo sindano uivute polepole. Itaachana kwa pingili, kipande kimoja kimoja, kama muwa mdogo sana. Hilo si jani, ni kijitawi. Majani yake halisi ni vijimeno vilivyo kwenye kila pingili, hata kuviona ni kazi. Mvinje ni mti mgumu, tena mgumu kwelikweli, na ni miongoni mwa kuni bora zinazojulikana duniani. Mtu akikuambia hataki kuni za mvinje kwa sababu "zina utomvu kama paini", mwachie, wewe zichukue.

Kilo kwa kilo, mzigo kwa mzigo

Hapa ndipo jirani yangu alipopigwa, na hakupigwa na mti, alipigwa na kipimo.

Kilo moja ya kuni kavu kabisa ina joto la megajuli 18 hadi 20, iwe ya mwembe, ya mkorosho au ya msindano. Tofauti ni ndogo, na tena msindano ndio huongoza kidogo kwa sababu ya ule utomvu. Kwa hiyo anayesema kuni za msindano "hazina moto" anakosea. Moto zinao.

Ila sisi hatununui kuni kwa kilo. Tunanunua kwa mzigo, kwa fungu, kwa mkokoteni. Meta moja ya ujazo ya msindano mkavu ina uzito wa kilo 450 hivi, au 500. Ya mvinje hufika 900 na kupita. Mwembe uko katikati. Maana yake, mkokoteni uliojaa msindano umebeba karibu nusu ya joto la mkokoteni uliojaa mvinje, ingawa kwa macho yote ni mikokoteni miwili iliyojaa. Na mabanzi ni mabaya zaidi kwenye fungu, kwa kuwa yamepinda: ukiyapanga yanaachiana nafasi, unalipia hewa.

Basi bei ya mzigo wa msindano isipokaribia nusu ya mzigo wa mvinje, au robo tatu ya ule wa mwembe, hakuna nafuu yoyote hapo. Jirani yangu aliambiwa rahisi, akaona rahisi. Tulipopima vipande vichache kwenye mizani ya muuza samaki wa mtaani, tukapiga hesabu, tukakuta kalipia kilo moja ya msindano zaidi ya anavyolipia kilo ya mwembe. Na hapo bado hatujagusa maji.

Maji ndiyo mwizi mkubwa

Mti ukikatwa leo, karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji. Lita moja ya maji kuitoa kwenye joto la Tanga mpaka ichemke inahitaji kama megajuli 0.3. Kuyageuza maji yawe mvuke ndiko kunakokula: nusu kilo ya maji iliyomo ndani ya kilo moja ya kuni mbichi inataka megajuli 1.2 au zaidi kidogo. Hizo zingekuchemshia lita nne za chai. Badala yake zinachemsha maji yaliyo ndani ya ukuni, unayaona yakitoka povu kwenye ncha, yakilia tsss. Tena moto uliopoa kwa mvuke hauunguzi moshi wake wenyewe, na moshi usioungua ni joto linalokukimbia kupitia dirishani. Ukijumlisha yote, kilo ya kuni mbichi hukupa nusu tu ya ile iliyokauka uani ikabaki na unyevu wa asilimia 20.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe "ni kuni za mti gani?" Liwe "zimekatwa lini?"

Na hapa msindano una sifa ambayo mwembe hauna. Unakauka upesi. Ukipasuliwa vipande vyembamba, ukapangwa kwa kupishana chini ya paa, upepo wa bahari ukapita katikati, miezi michache ya kiangazi inatosha. Mvinje na mwembe wa gogo nene unaweza kukaa mwaka na bado ndani umelowa. Ila mvinje ni mtukutu, hata ukiwa haujakauka vizuri unashika moto. Mwembe mbichi unanuna tu.

Kujua kama umekauka hakuhitaji kifaa. Gonganisha vipande viwili: vikavu vinalia ko, ko, vibichi vinalia kwa sauti nzito ya kuchoka. Tazama ncha kama zina nyufa zinazotoka katikati kwenda nje. Vuta gome, likiachia lenyewe, vizuri. Kwenye msindano utaona wakati mwingine michirizi ya rangi ya bluu ndani ya ubao. Huo ni ukungu wa mti uliokaa na maji muda mrefu. Haudhuru moto, lakini unakuambia kwamba hizo kuni zimepata kulala mahali penye unyevu, basi zipige ko ko kabla hujatoa hela. Za jirani yangu zilikuwa na bluu tele, na gome limeng'ang'ania kama la mti uliosimama.

Kwenye chungu

Jikoni mambo hayafanani hata kidogo.

Chai ya alfajiri: msindano. Vipande vitatu vya unene wa kidole gumba, makumbi ya nazi chini yake, kiberiti kimoja. Moto unaruka mara moja, mrefu, wa njano, na birika linalia kabla hujamaliza kuosha vikombe. Mwembe saa kumi na moja alfajiri unataka ubembelezwe, upulizwe, upepewe, na mtu anayewahi daladala hana hiyo subira.

Chapati na maandazi: msindano unafaa, lakini kaa karibu. Moto wake hupanda na kushuka haraka, na mafuta ya maandazi hayapendi kupandishwa na kushushwa. Hapo huchanganya: kipande cha mkorosho kishike joto, vijiti vya msindano vya kuongezea pale mafuta yanapolegea.

Maharage, makande, kisamvu, nyama ya ng'ombe aliyezeeka: usijisumbue na msindano. Nilihesabu siku moja. Kwa sufuria ya maharage niliinuka kuchochea kila baada ya dakika chache, nikiongeza, nikisogeza, nikirudi kwenye kazi nyingine na kukuta ndimi zimeshalala. Kwa mwembe niliusukuma ukuni ndani mara nne tu mchana kutwa. Anayeuza chakula na ana msaidizi wa kukaa jikoni anaweza kuvumilia. Aliye peke yake na watoto, hapana.

Halafu kuna wali wa nazi, na hapa kwa mtu wa Tanga hakuna mjadala. Wali wetu unapaliwa. Tui likishakauka unafunika, unapunguza moto chini, unatandaza makaa juu ya kifuniko, wali unaiva pande zote mbili na ukoko unatoka mwekundu. Sasa palia kwa msindano uone. Ndimi zikizima unachota unachodhani ni makaa, kwenye kifuniko kinakuwa majivu mepesi kabla hujageuka. Msindano hutoa moto wake karibu wote kwa ndimi na kubakiza makaa machache yasiyodumu. Mwarobaini, mvinje, mkorosho na vifuu vya nazi ndio wenye makaa. Mtu wa pwani akiniuliza sababu moja tu ya kutofanya msindano kuwa kuni zake kuu, nitamtajia palio kabla ya bei.

Kuchoma samaki, mishkaki au muhogo juu ya ndimi za msindano, usithubutu. Utomvu unapoungua bila hewa ya kutosha unatoa masizi yenye mafuta, na masizi hayo yanakwenda moja kwa moja kwenye chakula. Changu aliyechomwa hivyo ana ladha ya duka la rangi.

Jiko gani?

Masizi yale yaliyomtisha jirani yangu si laana ya mti, ni jiko lake. Anapikia mafiga matatu, na mabanzi aliyaingiza mapana kama yalivyotoka. Kwenye mafiga hewa baridi inaingia kila upande, ndimi zinapoa zinapogusa sufuria, utomvu hauungui wote, unabaki mweusi chini ya sufuria. Kuni zile zile ukizipasua nyembamba na kuzitia kwenye jiko banifu lenye tundu la kuni chini na shingo ndefu, hewa inavutwa kwa nguvu, ndimi zinazunguka ndani kwenye joto kali, na moshi mwingi unaungua kabla ya kutoka. Kwa jiko la namna hiyo msindano mkavu ni kama umeumbiwa. Linataka vijiti, nao unapasuka kwa shoka jepesi kama biskuti. Mwembe wenye nyuzi zilizosokotana utakuvunjia mpini.

Ila angalia cheche. Msindano una vifuko vya utomvu na maji vinavyopasuka, pa! na kurusha kaa mbali. Nina kanga yenye tundu dogo la duara karibu na pindo, kumbukumbu ya msindano. Chini ya banda la makuti mimi siuwashi kabisa.

Huko Lushoto hesabu inageuka

Mama mkwe wangu anakaa Lushoto, mji ulio kwenye mwinuko wa kama meta 1,400, na kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane huko moto ni wa kupikia na wa kuota pia. Ana jiko la chuma lenye bomba la kutolea moshi linalopenya ukutani. Huko msindano na sipresi ziko karibu, mwembe ni wa kuletewa. Mshindani wa msindano huko ni mwati na mkaratusi, miti migumu yote miwili.

Mara ya kwanza nilipolala kwake nilitaka kuonyesha ujuzi. Usiku nikajaza jiko magogo ya msindano niliyoyakuta nje, nikafunga kitundu cha hewa ili moto ukae mpaka asubuhi. Alfajiri nilikuta maji meusi yenye rangi ya kahawa yakidondoka kwenye maungio ya bomba, yananuka moshi na siki, sakafu imeingia doa ambalo lipo mpaka leo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeubana moto pumzi, eh?"

Hakugomba zaidi ya hapo, lakini alinifundisha. Watu husema msindano unaziba bomba kwa utomvu na kusababisha bomba kuwaka. Ukweli ni kwamba lami ile, kreosoti, hutokana na moshi wa kuni yoyote usioungua. Moshi ukipanda kwenye bomba lililopoa chini ya nyuzi 120 hivi, unaganda ukutani kama mvuke unavyoganda kwenye kifuniko cha sufuria. Kuni mbichi na moto ulionyimwa hewa ndio wazazi wake. Mwati mbichi uliobanwa usiku kucha utaziba bomba vizuri tu kuliko msindano mkavu unaowaka kwa uchangamfu. Sehemu kama Alaska misitu ni miti ya sindano kila upande. Watu wanaichoma majira yote ya baridi na nyumba zimesimama.

Hatari iliyopo ni nyingine. Msindano mkavu ukiujaza jiko zima kwa mpigo unawaka kwa kishindo, na kama bomba tayari lina lami ya miezi iliyopita, joto hilo ndilo linaloiwasha. Kwa hiyo weka vipande vichache, acha hewa wazi, ongeza mara kwa mara. Bomba lisuguliwe angalau mara moja kwa mwaka kabla ya baridi kuingia, na lami ikifika unene wa milimita 3 usingoje mwaka uishe. Mama mkwe huanza jioni kwa sipresi mpaka chumba kipate joto, kisha anatia kipande kimoja kinene cha mwati mkavu cha kulalia. Mpango huo sijaona wa kuushinda.

Vya kutochoma, hata ukipewa bure

Mbao za paini za kwenye mapaa nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa. Zina rangi ya kijani iliyofifia, hasa ukikata ncha. Dawa inayotumika sana ina shaba, kromi na arseniki, na arseniki hutoka na moshi huku nyingine ikibaki kwenye majivu. Mafundi wakimaliza paa wanakuachia rundo la vipande wakidhani wamekusaidia. Usivipikie, na majivu yake usiyamwage bustanini. Vipande vya nguzo za umeme hivyo hivyo. Mbao za rangi, plaiwudi na fanicha za kubandikwa, hivyo hivyo.

Magogo yanayoletwa na maji ufukweni yanavutia, makavu, meupe, bure. Yamejaa chumvi. Ndani ya jiko la chuma chumvi hiyo inakula bati, na moshi wake una sumu usizozitaka mapafuni. Na mikoko, najua, makaa yake hayana mfano na wazee wetu wote waliipikia. Siku hizi ni misitu iliyohifadhiwa kisheria, kuikata bila kibali ni kosa, na tukiimaliza kamba na kaa tutawafuata Mombasa.

Mimi ningenunua nini

Ukiwa Tanga mjini, Pangani au Mkinga, na unapikia mafiga: mwembe, mkorosho au mwarobaini kwa kazi zote, mvinje ukiupata kwa njia halali, na msindano wa kuwashia tu. Kwa kweli hata wa kuwashia si lazima, kwa kuwa makuti na makumbi ya nazi tunayo, na yanashika moto haraka vile vile.

Ukiwa na jiko banifu na unapika vitu vya haraka, chai, ugali, mboga, chapati za asubuhi, msindano mkavu unaweza kuchukua nusu ya mzigo wako wa mwezi, ilimradi bei uipime kwa kilo. Ukiwa Lushoto au Bumbuli na jiko lenye bomba, ungeanza na msindano na sipresi bila wasiwasi, ukatafuta mwati wa usiku.

Jirani yangu mzigo wake hatukuutupa. Tuliupasua wote Jumapili moja, mwanawe na shoka, sisi tukipanga kwa kupishana chini ya paa la uani, gome likiangalia juu, kiasi cha kiganja kutoka ukutani ili hewa ipite. Ilikuwa Januari, masika bado mbali. Mwezi wa tatu ulipoingia vipande vilikuwa vinalia ko, na birika lake la alfajiri likawa linatangulia langu. Aliniuliza kama anunue tena. Nikamwambia anunue, lakini kwa robo ya mahitaji yake, kiangazi, na muuzaji akimwambia bei ya mkokoteni, yeye aulize mizani iko wapi.